Kona ya taya katika chumba cha kine, Kadutu: shajara ya mradi

Chumba chetu cha kine (fiziotherapia; na anayeifanya huitwa kine) kiko Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Tunapokea migongo, magoti, watu waliopooza upande mmoja, na watoto wenye miguu iliyopinda. Taya zilikuwa zinatufikia kwa njia ya pembeni: mtu amekuja kwa ajili ya shingo, katikati ya kusuguliwa anasema, "Na hapa pia, dokta, mbele ya sikio. Nikipiga miayo panalia." Tulikuwa tunamsugua shavu kidogo na kumwambia apumzike. Sasa tumetenga kona moja kwa ajili ya kiungo hicho, kwa vifaa vinavyopatikana hapa mjini. Nitaongeza maandishi kila hatua inapokwisha, pamoja na bei tulizolipa, ili kine wa Uvira, Goma au Lubumbashi asianzie sifuri.

13 Februari 2023. Karatasi ya mlangoni

Kabla ya kununua chochote tumeandika maswali ya kumuuliza kila anayekuja na taya. Mdomo usiofunguka si lazima uwe shida ya kiungo, na mikono ya kine ikitangulia inaweza kumchelewesha mtu anayetakiwa awe hospitalini. Pepopunda mara nyingi huanzia hapahapa: taya inakaza, kisha shingo, kisha tumbo linakuwa gumu kama ubao, na kidonda cha msumari mguuni mgonjwa amekwisha kukisahau. Jipu la gego la mwisho nalo hufunga mdomo, na likishuka chini ya taya na kuleta homa na shida ya kumeza, hilo ni la kukimbizwa. Aliyeanguka na kidevu, meno yake hayakutani kama zamani, huyo anataka picha kwanza. Mzee aliyepita miaka 50, mwenye maumivu mapya ya panja, anayechoka taya akitafuna na macho yanaanza kumfifia, apelekwe siku hiyohiyo: huenda ni mshipa wa damu wa kichwani, na jicho linaweza kupotea. Tumeongeza dawa pia. Metoklopramidi, ile ya kuzuia kutapika, kwa baadhi ya watu hupindisha taya na shingo ghafla, na dawa yake iko hospitali, si kwetu.

Karatasi ya kwanza tuliiandika kwa Kifaransa na ilijaa upande mzima. Watu waliirudisha tupu. Ya pili ni ya Kiswahili, maswali machache, stajiere (mwanafunzi wa mafunzo ya kazi) anayauliza kwa mdomo huku mtu akisubiri kwenye benchi, na kwa mama wakubwa anayauliza kwa Mashi, lugha ya hapa. Hapo ndipo majibu yalipoanza kuja. Gharama: fotokopi tu, na mkanda wa kuibandika ukutani.

27 Februari. Rula

Kipimo cha msingi cha kazi hii ni umbali kati ya ncha ya meno ya mbele ya juu na ya chini, mdomo ukiwa wazi. Watu wazima wengi hufikia milimita 40 au zaidi. Njia ya haraka ni vidole vitatu vyake mwenyewe, vikisimama wima kati ya meno, lakini vidole havikuonyeshi kama wiki hii amepata milimita mbili.

Tulinunua rula za plastiki za wanafunzi kwa franka 500 kila moja. Vipimo vilikuwa vinacheza. Mimi napata 38, mwenzangu anapata 33, mgonjwa yuleyule, dakika ileile. Sababu tuliiona tulipoziweka rula juu ya meza: sifuri haianzii ukingoni. Kuna kipande kitupu kabla ya mstari wa kwanza, na mmoja wetu alikuwa anaweka ukingo kwenye jino, mwingine anaweka mstari. Tumezikata kwenye sifuri kwa msumeno mdogo wa chuma, tukazisugua kwa msasa mpaka ukingo haukwaruzi mdomo. Tangu hapo tunatofautiana milimita moja au mbili, na hiyo inavumilika.

Kalipa (kipimo chenye ncha mbili za kubana kitu) ya plastiki kutoka kenkayeri (duka la vifaa) ya Nyawera, dola 4, tuliinunua tukidhani itakuwa bora. Ncha zake kali zinawatisha watu, nao wanafunga mdomo kabla hujasoma. Imerudi kwenye kisanduku, itapima mbao (tazama Aprili).

Kila mtu anapimwa mara tatu: akifungua mpaka pale maumivu yanapoanza, akifungua mpaka mwisho wake hata kama inauma, halafu sisi tukimsaidia kwa vidole. Tofauti kati ya cha pili na cha tatu inasema mengi. Ukisukuma polepole na taya ikaendelea kushuka, kinachozuia mara nyingi ni msuli. Ikigoma kama mlango uliopigwa komeo, fikiria kiungo chenyewe. Kwa walio na pengo mbele, tunaandika ni jino gani tulitumia, la sivyo safari ijayo kipimo hakina maana.

14 Machi. Kidole kwenye mizani

Mwongozo wa kimataifa wa 2014 wa kutambua shida hizi, DC/TMD, unataka msuli wa shavu na wa panja ubonyezwe kwa nguvu ya kilo moja, na kichwa cha taya, pale mbele ya sikio, kwa nusu kilo, kwa sekunde mbili hivi. Halafu unauliza: hayo maumivu ndiyo yale yaliyokuleta? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko "inauma" peke yake, kwa kuwa ukibonyeza vya kutosha kila shavu linauma.

Kilo moja ya kidole ni kiasi gani? Tulianza na mizani ya mshale, ya kuazima kwa muuza maharage. Mshale unatikisika na kuchelewa, huwezi kujifunzia. Tukapata ya jikoni ya betri, dola 9. Ncha ya kidole cha shahada juu ya sahani, macho kwenye namba, kisha macho yamefumbwa na mwenzako anasoma. Mwenzangu, ambaye amezoea kukanda migongo ya wapakuaji mizigo, alikuwa anaweka zaidi ya kilo mbili na kusema "ni taratibu kabisa". Nusu kilo ndiyo ngumu kuliko zote. Ukucha unabaki na rangi yake karibu yote, unahisi kama hujafanya kitu. Sasa mizani inakaa kwenye kona, na kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza wa taya kidole kinapita pale. Inaonekana kama mchezo. Lakini kadi za wagonjwa za kabla ya mizani zote zinasema "kiungo kinauma sana", na nyingi tumezirudia.

18 Aprili. Vijiti vya mbao

Kwa taya iliyoganda baada ya mfupa kuvunjika kuna vifaa vya kiwandani vya kufungulia mdomo, na bei yake huko nje ni mamia ya dola. Njia ya zamani inayofanya kazi hiyohiyo ni spatula za daktari, vile vibao vya kukandamiza ulimi, ukivipanga kimoja juu ya kingine kati ya meno. Kila kimoja ni takriban milimita 1.5. Unaingiza kadiri mdomo unavyoruhusu, unakaa, unateleza kimoja zaidi katikati.

Tulitaka kuvitengeneza wenyewe. Seremala wa mtaani alitupasulia vibao vya mkaratusi, tukamlipa dola 5. Vilikuwa vizuri kwa macho. Kalipa ilisema kimoja kina milimita 1.8, jirani yake 2.6. Kwa hesabu ya vibao kumi hujui tena uko wapi. Mbaya zaidi, mkaratusi ukilowa mate unanyanyua nyuzi, na siku iliyofuata vijana wetu wawili wa majaribio (mimi na stajiere) tulikuwa tunatoa vibanzi kwenye ufizi. Msasa haukusaidia. Mbao zimebaki za kuwashia jiko.

Boksi la spatula 100 kwenye depo ya dawa ni dola 3. Tungeanza na hilo tungeokoa tano.

Kisha usafi. Mbao hunywa mate, na kuichovya kwenye maji ya klorini si kuisafisha. Kwa hiyo kila mgonjwa anapewa fungu lake, limefungwa kwa mpira, jina juu, anaondoka nalo, na likichakaa linatupwa. Hakuna kurudisha.

Tatizo lililobaki ni meno yenyewe. Motari (dereva wa pikipiki ya abiria) aliyeanguka kwenye mteremko wa matope alikuja baada ya daktari kumwondolea waya zilizofunga meno ya juu na ya chini, na ruhusa ya maandishi ya kuanza mazoezi. Alifungua milimita 14. Fungu la vijiti likikaa mbele, uzito wote unalala kwenye meno mawili, na yake mawili ya mbele yalikuwa yanacheza tangu ajali. Baada ya siku chache akasema yanauma kuliko taya. Tumehamishia vijiti kwenye magego madogo, leo kulia, kesho kushoto, na kipande cha gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) juu na chini ili jino lisikutane na mbao kavu. Malalamiko yakaisha.

Kipimo cha kazi ni saba tatu: unanyoosha mara saba, kila mara sekunde saba, duru saba kwa siku. Kinachoruhusiwa ni kuvutika. Maumivu yakiendelea mpaka usiku, kesho punguza kijiti kimoja.

9 Mei. Taya iliyofunguka kupita kiasi

Msichana wa shule ya sekondari, taya inalia kila akitafuna. Stajiere alisikia mlio, akampa vijiti. Alirudi akiwa na maumivu zaidi, na mara moja taya ilikuwa imekwama wazi kwa dakika chache akipiga miayo darasani. Tulipompima: milimita 58. Huyo hahitaji kunyooshwa hata kidogo, anahitaji kufundishwa breki.

Hapa inabidi kueleza kiungo chenyewe, kwa sababu kosa hili litarudi kwa kila anayenakili mradi. Mdomo unapoanza kufunguka, kichwa cha taya kinazunguka mahali pake. Kupita milimita 20 na kitu, kinaanza kuteleza mbele, kikiwa kimevaa kidiski cha gegedu. Kidiski kikikaa mbele kidogo kuliko inavyotakiwa, kichwa kinakirukia, na huo ndio mlio. Watu wengi wana mlio na hawana shida yoyote, na mlio usiouma hautibiwi. Lakini siku kidiski kikizuia kabisa, mlio unapotea na mdomo unakwama karibu na milimita 25 au 30, kidevu kikienda upande mbovu. Mgonjwa anafurahi kwamba "imenyamaza". Tumeandika ukutani kwa herufi kubwa: MLIO ULIONYAMAZA NA MDOMO ULIOPUNGUA, PIMA.

Basi tangu leo hakuna kijiti kinachotoka kwenye kabati bila namba kwenye kadi. Chini ya 40 kwa kusaidiwa, vijiti vinaweza kuzungumzwa. Juu ya 55, vijiti marufuku: ulimi kwenye kaakaa, fungua mdomo bila kuubandua ulimi, hapo ndipo mwisho wako. Kioo cha dola 2 kimening'inizwa, kina mstari wima wa kalamu nyekundu katikati. Mgonjwa anafungua taratibu huku kidevu kikifuata mstari. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote baada ya rula, na ndicho kinachotumika zaidi.

20 Juni. Sita mara sita, na akina mama wa mizigo

Kwa waliokaza misuli tulifuata mpango wa Mariano Rocabado, kine wa Chile: mazoezi sita, kila moja mara sita, duru sita kwa siku. Ulimi mahali pake, kufungua ulimi ukiwa juu, kusukuma taya kidogo kwa kidole bila kuiacha iondoke, kuinamisha kichwa kama anayekubali, kurudisha shingo nyuma, kukusanya mabega. Yote ni mepesi. Kilichotushinda ni duru sita.

Mwanzoni tuliandika saa kwenye karatasi. Saa nne, saa sita, saa nane. Mama anayeuza sambaza (dagaa wa ziwani) sokoni hana saa nane, ana wateja. Sauti za WhatsApp zilisaidia kwa wenye simu yenye chaji, yaani si kila siku.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja wa mizigo. Wanaoishi nje ya Bukavu huenda hawajaona: mzigo unakaa mgongoni, kamba inapita kwenye paji la uso, na mtu anapanda kilima kichwa kikiwa kimesukumwa mbele dhidi ya kamba. Nilimwomba aonyeshe, kwa gunia la mchanga. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye shavu lake. Kabla mguu haujanyanyuka, msuli ulikuwa umesimama kama jiwe chini ya vidole, na ukabaki hivyo mpaka alipotua. Anauma meno kutoka chini mpaka juu, kila siku. Kumwambia aache mizigo ni kumwambia asile.

"Mama, unapumzika wapi ukipanda?" Akataja sehemu, moja baada ya nyingine, kila moja na ukuta wake wa kuegemeza mzigo. Basi mazoezi yamehamia kwenye kuta hizo. Akiegemea: midomo imefungwa, meno yameachana, ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, pumzi sita kwa pua. Halafu kichwa kinakubali mara sita. Mengine tumeyaacha kwa nyumbani. Kwa motari ni kwenye parkingi akisubiri mteja, kwa mwalimu ni kila anapofuta ubao, na kwa fundi cherehani ni kila anapobadilisha uzi. Tumepunguza kutoka sita hadi mawili au matatu, na yanafanyika. Sipendi kukata mpango wa watu, lakini mazoezi sita ya kwenye karatasi hayajamfungua mtu mdomo.

Chakula: kwa wiki mbili hivi tunasimamisha miwa, mahindi ya kuchoma na chingamu, nyama ikatwe ndogo. Bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki havina neno. Mtu akipona anarudi kwenye mahindi yake.

18 Julai. Joto bila umeme

Kitambaa cha moto kwenye mashavu kwa dakika 15 au 20 kabla ya mazoezi kinalegeza msuli. Tulianza na birika la umeme. SNEL, shirika la umeme, ikikata saa mbili asubuhi, kona nzima inasimama. Soksi yenye mchele ndani, inayosifiwa kwenye video, inataka tanuri ya maikrowevu, na hiyo hatuna. Tuliipasha kwenye sufuria kavu juu ya makala (mkaa): ikaungua upande mmoja, ikanuka pilau.

Kilichobaki ni termosi mbili, dola 12, zinajazwa alfajiri kwenye makala ya jirani anayepika uji, pamoja na taulo ndogo za mitumba zilizokatwa vipande. Taulo inajaribiwa kwanza ndani ya kiwiko cha anayetibu, baadaye kwenye shavu la anayetibiwa. Aliyevimba au mwenye homa hapati joto, anarudishwa kwenye karatasi ya mlangoni.

22 Agosti. Vidole mdomoni

Hatua hii tuliichelewesha makusudi. Kwa kiungo kilichoganda, kidole gumba chenye glavu kinawekwa juu ya magego ya chini, vidole vingine vinashika taya kwa nje, unavuta chini taratibu na kidogo mbele, unaachia, unarudia. Nguvu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Boksi la glavu dola 6. Tumezungushia gumba gozi juu ya glavu, kwa sababu mtu akishtuka anauma, na gego la mtu mzima halina msamaha.

Glavu za mpira wa kawaida zilimvimbisha midomo mgonjwa mmoja. Tumebadilisha kuwa za nitrili, dola 2 zaidi kwa boksi, na swali la mzio limeingia mlangoni.

Motari wa vijiti tulimfanyia hivi baada ya joto, kisha yeye mwenyewe anaendelea na fungu lake. Kutoka 14 amefika 31. Wiki mbili za mwisho hajaongeza kitu, na tumemrudisha kwa daktari wake na kadi ya vipimo vyote, aamue kama kuna kitu ndani kinachozuia. Hatumvuti zaidi mpaka jibu lije.

Karatasi ya mlangoni nayo imelipa gharama yake. Kijana aliletwa na nduguze "avutwe taya". Stajiere aliuliza kuhusu kidonda, akaonyeshwa unyayo. Shingo ilikuwa imeshaanza kukaza. Hakukalia hata kiti chetu, pikipiki ilimpeleka hospitali moja kwa moja, na simu yetu ilitangulia.

19 Septemba. Daktari wa meno

Wanaosaga meno usiku huweza kuhitaji kibao cha plastiki ngumu kinachovaliwa wakati wa kulala. Hakizuii kusaga, kinalinda meno na kupunguza mzigo. Hicho si kazi ya kine. Tumekubaliana na daktari wa meno wa Ibanda, mtaa mwingine wa Bukavu: anatutumia waliokaza misuli, tunamtumia wanaohitaji kibao au wenye jino linalochochea. Mara za kwanza wagonjwa walifika kwake bila maelezo, naye akaanza kupima upya. Sasa kadi yetu inasafiri na mgonjwa: namba tatu za kufungua, upande kidevu kinakoenda, wapi kidole kiliamsha maumivu anayoyajua mwenyewe.

Matumizi mpaka leo, ukiacha seremala: rula na kioo dola 3, kalipa 4, mizani 9, spatula boksi mbili 6, glavu za aina zote mbili 14, termosi 12, taulo na gozi 7. Jumla dola 55. Kinachokwisha haraka ni glavu na spatula, na hizo tumeziingiza kwenye bei ya kikao, franka chache juu ya zamani. Betri ya mizani imeanza kuzimika katikati ya kusoma. Hiyo ndiyo ya kununua Jumatatu, pamoja na boksi la tatu la vijiti.